Kiti Walichonipa

Mwanangu Ngalula, mama mkwe wangu mdogo kwa jina ulilorithi kwa mama wa baba yako,

Barua zetu za kanisa huanza na neema na amani. Amani sina, na sipendi kukuandikia kitu ambacho hakimo nyumbani. Neema imebaki kidogo. Chukua hiyo, ugawane na baba yako.

Ninaandika kwa Kiswahili cha Biblia, maana ndicho walichonifundisha kuandika kule misheni kabla hawajanitoa darasani nikalee wadogo zangu. Mahali ambapo mkono utateleza ukarudi kwenye Kiswahili chetu cha robine, cha bomba la maji, usinicheke. Au cheka. Ni siku nyingi sijakusikia ukicheka.

Wanasema treni inaondoka kesho. Wamekwisha kusema hivyo na kusema tena, lakini leo nimekiona kichwa chake kwa macho yangu, kimefungwa kwenye mabehewa, na watu wameanza kupigania nafasi. Basi asubuhi nitakuja na kikapu. Sitakuandikia habari ya maji ya kuchemsha, wala ya kulalia mizigo yako, wala ya wanaume wa njiani. Hayo utayasikia kwa wamama wenzangu njia nzima hadi masikio yachoke. Mimi nina neno lingine, lile ulilonikatiza jana kabla sijalifikia.

Jana, pale mnapolala kwenye ukuta wa gare, stesheni ya treni, niliweka sahani ya bukari, ugali wetu, mbele yako, ukaisukuma. Ukasema: "Mama, hii inchi sitarudia tena. Hata bakiniita na ngoma. Na kufundisha, na kuulizauliza batu, bimekwisha. Bamalize benyewe." Baba yako akatazama chini. Mimi nikakunja kitambaa cha kikapu nikaondoka kama mtu mwenye haraka. Sikuwa na haraka. Niliogopa. Maneno hayo niliwahi kuyasikia kwa mtoto mwingine, na ninajua yanakoishia.

Unamkumbuka Sifa, binti wa Mama Feza jirani yetu.

Wewe ulikuwa umekwisha kuvuka madarasa yale wakati kampuni ya mgodi, iliyotulisha sote, ilipoanza kuanguka, kwa hiyo hukuonja yaliyowapata wadogo zako. Unga wa kampuni ulikatika. Kisha dawa kwenye lopitalo, kisha mishahara ya walimu. Wakasema wazazi ndio wawalipe walimu, na wazazi wenyewe walikuwa wanauza masufuria yao. Direkta wa shule akaweka sheria: asiyeleta falanga atoke. Kila Jumatatu mwalimu anasoma majina, na mtoto anasimama, anachukua mfuko wake, anapita katikati ya madawati mpaka mlangoni. Baba yako alisoma majina hayo. Usimtetee, yeye mwenyewe hajitetei. Alisema siku moja hapa mezani, bukari ikiwa mkononi: "Mi nilikuwa fundi wa kufungua kitabu. Sasa niko fundi wa kufungua mulango."

Madawati ya nyuma yakabaki matupu, na habari ikafika Lubumbashi kwenye ofisi ya shule. Huko wakaandika kwamba wazazi wa cité yetu, mtaa huu, hawapendi tena shule, wanawatuma watoto kuuza sokoni. Kwa hiyo shule yetu ifungwe, na watakaobaki waende ile ya upande wa Mutoshi. Nani aliwaambia kwamba hatupendi? Hakuna aliyetoka huko kuja kuuliza. Walihesabu madawati wakamaliza.

Ndipo baba yako akavaa tai. Akasema tutauliza sisi wenyewe, nyumba kwa nyumba, tupeleke jibu kabla hawajaleta kufuli. Ulikuwa naye siku ile ya kwanza, ukarudi umechoka na kukasirika. Kila nyumba walimtolea kiti. Kiti kizuri, kile cha mgeni, kinachofutwa kwa upindo wa kikwembe, kitenge cha kiunoni, na kuwekwa nje penye kivuli. Wakampa maji ya kunywa. Akauliza: "Batoto banasoma?" Wakajibu: "Banasoma, mwalimu, kwa neema ya Mungu." Na mtoto mwenyewe amesimama pale na beseni la makala, makaa ya kuuza, kichwani, Jumanne, saa ya hesabu!

Nilicheka mpaka baba yako akakasirika. Nikamwambia: "Tata, nani atakuvulia nguo mbele ya kiti? Ule ni kiti cha kudanganyia. Mugeni anakaa pale, anasikia mazuri, anaenda. Kama unataka ukweli, kataa kiti. Ingia jikoni, kamata kazi."

Sijui nilikotoa neno hilo. Sikulisoma. Ni kwamba mimi pia nimewatolea wageni kiti maisha yangu yote.

Basi tukaenda kwa namna ile. Mama Feza na mimi, na wewe nyuma yetu, kwenye robine, kwenye foleni ya kinu cha unga, jikoni kwa watu tukichambua sombe, majani ya muhogo. Baba yako alijifunza kuchambua sombe, ee Bwana, na vidole vile vya chaki! Mama Feza alimsema: "Mwalimu, unachambua majani ao unasahihisha mitihani?" Wote wakaanguka kwa kicheko, na kicheko kilipokwisha wakaanza kusema. Siyo kwamba hawakupenda shule. Wengi walikuwa wamekwisha kuzitafuta zile falanga wakazipata, kwa kuuza baiskeli, redio, kikwembe cha ndoa. Falanga zilikuwapo na mtoto hataki kurudi. Kila nyumba wazazi walidhani ni mtoto wao peke yake aliyekuwa na kichwa kigumu.

Kwa Mama Feza ndipo tulipofahamu. Mama mwenyewe alikuwa analalamika juu ya Sifa, kwamba amemlipia, amemshonea shati, na bado hataki. Ukamuuliza wewe, si mimi, wala si baba yako. Ulikuwa umeinama kwenye beseni moja naye, ukamuuliza kama mtu anayeomba chumvi: "Sifa, juu ya nini?"

Akasema bila kuinua kichwa: "Benzangu bote baliona mugongo yangu."

Mama Feza akaacha kuchambua.

Ni hilo tu. Mtoto aliyefukuzwa mbele ya wenzake harudi, hata deni likilipwa. Tukarudi nyumba zilezile na swali hilo mkononi, na kila mahali mlango ukafunguka. Na dawa yake haikuhitaji hazina ya serikali. Tulikubaliana kwenye robine: mtoto asibebe tena deni la mtu mzima. Jumamosi mama analeta bakuli la unga ama makala ama alichonacho, anamkabidhi mama mwenzake kwa ajili ya walimu, na mwenye kukosa anasema kwa sisi wamama, darasa lisijue. Baba yako alianza na darasa lake la tano, direkta akafumba macho. Naye Sifa, baba yako alimfuata mwenyewe. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akamwambia: "Twende. Tangulia, mi nitakuwa nyuma yako." Akatembea nyuma yake kutoka nyumbani hadi kwenye dawati, akimziba kwa koti lake, na hakuna aliyemwona mgongo. Wengine wakaja baada yake. Mimi niliona madawati ya nyuma yakijaa, na nilimshukuru Mungu kwa sauti pale dirishani kama mwendawazimu.

Hayo yalikuwa yetu, Ngalula. Hatukupewa na mtu. Ninataka uyakumbuke hayo kabla ya hili linalofuata, maana hili linalofuata ni langu peke yangu.

Wakati ule maneno yalikuwa yamekwisha kuchafuka. Kwenye redio walikuwa wanasema Katanga ni ya Wakatanga. Sokoni walianza kuwaita watu wa Kasai, watu wa baba yako, bilulu, wadudu, kwanza kwa mzaha. Shefu wa mtaa alikuja nyumbani tuliposikia kwamba wajumbe wa ofisi ya shule wanakuja, pamoja na mgeni mmoja wa mbali. Akasema: "Mama Numbi, hii kazi muliyofanya ni ya muzuri. Lakini mudomo ya kuisema haiwezi kuwa ya Kabeya. Bageni banataka kusikia benyeji."

Baba yako akacheka kicheko kile kibaya. "Shefu, kitovu yangu iko hapa, kwa lopitalo ya kampuni. Weye ulifika kutoka Kisenge na valizi kwa kichwa, tukakuonyesha njia ya choo. Mwenyeji ni nani?"

"Mi najua, Kabeya. Lakini mi si redio."

Basi wakaniangalia mimi. Mimi mtoto wa Manono, hapahapa Katanga, jina langu Numbi halimchomi mtu. Baba yako akasema: "Nenda useme, mama. Bale batoto habana kabila." Tulikaa tukirudia maneno. Niliyajua kama Zaburi.

Sasa nikueleze walivyonipokea, kwa sababu ulikuwa nje na baba yako, nyuma ya waliojaa dirishani, na hukuona ya ndani. Wamama wa robine waliwekwa nyuma, wamesimama. Mimi nikaitwa mbele. Kulikuwa na meza yenye kitambaa, na kiti, mwanangu, kiti chenye mto. Shefu mwenyewe alikifuta. Wakanipa chupa ya sukre, soda, baridi kabisa, na mimi sikuwa nimeonja sukre tangu ubatizo wa mdogo wako. Yule mgeni wa mbali alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Aliniuliza habari ya afya yangu. Aliuliza habari ya mama yangu mgonjwa! Mtu mpole. Laiti angekuwa na kiburi, labda ningesema.

Kisha akauliza: "Mama, wazazi wa hapa wanapenda shule?"

Nikasema: "Tunashukuru. Serikali inajitahidi. Watoto wanasoma, kwa neema ya Mungu."

Nilijisikia nikisema. Maneno yale yalitoka yenyewe, kama maji ya kunywa yanavyotolewa kwa mgeni. Akauliza tena: "Na hawa walioacha?" Hapo ndipo Mungu alinipa nafasi ya pili, na ninaijua. Nikaona shefu anatazama viatu vyake. Nikaona chupa iko nusu. Nikasema: "Ni wazazi wachache tu wasiojali."

Nilisema hivyo, na Mama Feza amesimama nyuma yangu.

Wakaandika. Walikuwa wamekuja na jibu lao, na mimi nikawapigia muhuri. Shule ikafungwa, na sababu waliyoitoa ni kwamba wenyeji wenyewe walikiri. Wadogo wa cité hawakuweza kutembea mpaka Mutoshi. Sifa alikuwa amerudi darasani majuzi tu. Mara hii hakuna aliyemfukuza, ni mlango uliomkimbia, na sasa anauza makala njia ya Kingamyambo na hajibu salamu yangu. Mama yake alinikuta kwenye robine siku ileile, akaniuliza mbele ya watu: "Sukre ilikuwa tamu, Mama Numbi?"

Baba yako hakunipigia kelele. Nilipotoka alinitazama, akasema, "Walikupa kiti." Hakuongeza neno mpaka leo.

Nimeomba juu ya jambo hili. Pasteri aliniambia Mungu amekwisha kunisamehe, nami ninamwamini. Lakini Mungu hakuwa mtoto wa darasa la tano. Wale wa darasa la tano sijui kama wamenisamehe, maana sijaenda kuwauliza.

Kisha wakaja kuwafukuza watu wa Kasai, wewe na baba yako pia. Ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia vijana walivyojaa uani na marungu. Lakini kuna kitu ulikiona ukadhani ni cha kukuongezea hasira, na mimi nilikiona kwa namna nyingine. Yule aliyetangulia, mwenye kofia nyekundu, alikuwa mwanafunzi wa baba yako. Alikuwa mmoja wa wale wa Jumatatu, kabla hatujauliza kitu. Aliposema, "Leo na weye, mwalimu, onyesha mugongo," baba yako alimwita kwa jina lake la ubatizo. Akamwambia, "Ni kweli nilikutoa. Nilikosa." Kijana akatikisika kidogo, kisha wenzake wakapiga kelele, naye akapiga kelele kuwashinda. Sisemi kwamba shule ingemzuia. Redio ilikuwa na nguvu kuliko sisi sote. Ninasema tu kwamba hakuna aliyekuwa amemfuata yule kwa mlango wa jikoni.

Na mimi wakanisukuma pembeni kwa adabu. "Mama, weye bakia. Weye ni wetu." Tumbo lililokuzaa ni lao, wewe si wao. Nieleze hesabu hiyo, wewe uliyesoma. Kiluba changu na Tshiluba cha baba yako ni kama ndugu wanaogombana kitanda kimoja, na leo ndugu mmoja anapandishwa kwenye behewa la makaa.

Ulinitazama siku ile ukiuliza kwa macho kwa nini siji pamoja nanyi. Nilikujibu: nkambo wako, mama yangu, miguu imevimba, hawezi kukaa kwenye behewa lisilo na paa, na mdogo wako, waliyeniachia kwa utoto wake, anakohoa. Hiyo ni kweli. Pia ninaogopa. Hiyo nayo ni kweli, na sitaki uende Kasai na nusu ya jibu. Nimewapa watu nusu za kutosha.

Sasa sikiliza, mama mkwe. Kule unakokwenda wanakuita kwenu, lakini hujawahi kukuona, na Tshiluba chako kinatosha kuombea chakula tu. Watakutolea kiti, siku za kwanza. Watakuita Mkatanga. Usikizoee kile kiti. Inuka, uulize jiko liko wapi.

Na treni hiyo imejaa watoto. Nimewaona pale gare, wamekaa juu ya magodoro yaliyofungwa. Wote wameonwa mgongo. Wamesoma kwa Kiswahili na Kifaransa, na huko watawekwa darasani kwa Tshiluba, watanyamaza, na mtu wa ofisi atahesabu, ataandika kwamba watoto waliotoka Katanga ni wazito, ama wazazi wao hawajali. Ataandika upesi, wao huandika upesi. Nani atakuwa amekwisha kuwauliza? Baba yako amechoka, umeona mikono yake. Sikuombi uwapende watu wa hapa. Mimi mwenyewe leo siwezi. Ninakuomba usiache wale watoto wahesabiwe na mtu asiyewajua.

Na ukiisha kuuliza, usiende mbele ya meza peke yako kama nilivyokwenda mimi. Jibu la mtu ni sufuria uliyoazima: irudishe kwake kwanza, ukiwa umetia kitu ndani. Kama ningewasomea wamama wa robine yale yote waliyotuambia, hadi kila mmoja ayajue kama wimbo, basi siku ile Mama Feza angepaza sauti kutoka nyuma na kunikatiza. Lakini tuliyaweka sisi watatu wa nyumba moja, tukayatunza vizuri, yakafa kinywani mwangu.

Sasa ninakuja kwa lile linalonikosesha usingizi. Uliposema jana kwamba hutarudi hata wakikuita na ngoma, nilisikia sauti ya Sifa kwenye beseni. Nimelijua jambo hili kabla yako. Nililichambua kwa vidole vyangu. Anayefukuzwa mbele ya wenzake harudi, hata deni likilipwa, hata mlango ukifunguliwa na waliofunga wakiomba radhi. Na sijui kama wataomba. Nimetafuta katika Biblia mahali pa kukuahidi, nimekosa, kwa hiyo sikuahidi. Ninakuambia tu kwamba siku ukija hapa, kama nipo, hakuna mtu atakayekufutia kiti. Utazunguka nyuma, utaingia kwa mlango wa jikoni, na utakuta sombe haijachambuliwa.

Sifa hakurudi kwa kulipiwa. Alirudi kwa sababu mtu mzima alitembea nyuma yake. Kesho vijana watajipanga tena njia nzima kutoka ukutani hadi kwenye mabehewa, kuimba na kutazama wanaopanda. Kaka yangu amenionya nisionekane pale, eti nitajichafulia jina. Nimemwambia ndiyo, kama ninavyowaambia wageni.

Nitakuja. Baba yako atangulie na mizigo, wewe umfuate, na usikimbie. Mimi nitakuwa nyuma yako, na kikwembe changu kikubwa nimekitandaza mabegani, mpaka utie mguu ndani. Wakitaka mgongo wa kutazama, watazame wa Numbi.

Mama yako.